Waranti Imeisha, Haki Haijaisha

Muuzaji wa kompyuta akitaka kumaliza mazungumzo huwa na maneno mawili tu: waranti imeisha. Akishayasema, mteja hukunja mfuko wake, hushukuru kwa adabu na kushika njia. Nimeyasikia Nairobi, Nakuru na Mombasa, yakisemwa kwa utulivu wa karani anayefunga faili, na karibu kila mara mteja huondoka akijilaumu mwenyewe. Angeongeza pesa kidogo akanunua ile nyingine. Angelipia ile waranti ya nyongeza. Jamaa zake nao hawakosi kumkumbusha kwamba rahisi ni ghali, na hapo kesi inaisha, aliyehukumiwa akiwa ni yuleyule aliyepoteza pesa.

Inaisha mapema mno. Waranti ni ahadi ya hiari. Mtengenezaji ndiye anayeitunga, ndiye anayeamua iwe ya miezi sita, kumi na miwili au ishirini na minne, na ndiye anayeorodhesha yale asiyotaka kuyagharimia. Haki ya mnunuzi kuuziwa kitu kinachofaa ni jambo jingine kabisa. Haikutoka kiwandani, haikuandikwa katika kile kijitabu kinachofungashwa pamoja na chaja, kwa hiyo kiwanda hakina uwezo wa kuipangia siku ya kufa. Wakenya wanapoteza pesa kwa kuchanganya mambo haya mawili, na wanaendelea kuyachanganya kwa sababu wenye mamlaka ya kuyatenganisha hawajafanya hivyo kwa sauti ya kusikika.

Tuanze na mashine yenyewe, maana madai mengi huanguka kwa sababu mdai hajui kilichoharibika.

Kuna uchakavu, na uchakavu hauna wa kulaumiwa. Betri ya lithiamu hupoteza uwezo kila inapojazwa na kutumika, na baada ya mizunguko mia kadhaa haikai tena na chaji kama siku ya kwanza. Anayedai laptopu mpya kwa sababu betri yake ya mwaka wa tatu inakaa saa mbili tu hana kesi, nami sitamtetea. Herufi za kibodi hufutwa na vidole. Feni hujaa vumbi, na asiyeisafisha atapata mashine inayochemka. Anayemwagia laptopu chai, akaikausha juani na kuirudisha dukani akidai imezima yenyewe, anawaharibia wateja wote wanaokuja nyuma yake.

Lakini kuna vifo visivyotokana na uzee wala uzembe. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinunuliwa laptopu mpya katika duka moja la jijini kwa fedha ambazo mama yake alizikusanya muhula mzima. Muda mfupi baada ya waranti ya mwaka mmoja kumalizika, kioo kilianza kutoa sauti ya kukwaruza kila kilipofunguliwa, kisha kona ya kushoto ya gamba ikaachana. Dukani kijana wa kaunta alimwambia, "Dadangu, waranti imeisha. Labda uiuze kwa spea."

Nilimpeleka kwa fundi wa Luthuli Avenue. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akaondoa mfuniko wa chini, akanigeuzia taa. "Mzee, tazama hapa." Bawaba ya laptopu ni chuma kigumu, lakini katika mashine nyingi za bei ya chini na ya kati haishikiliwi na chuma kingine. Inashikiliwa na skrubu fupi zinazoingia katika nati ndogo za shaba, na nati hizo zimepachikwa ndani ya vijiguzo vya plastiki vyembamba kuliko penseli. Kila unapokifungua kioo, ukinzani wote wa bawaba unabebwa na ile plastiki. Bawaba ikikazwa kupita kiasi kiwandani, au plastiki ikiwa nyembamba mno, vijiguzo hupata nyufa zisizoonekana, hadi siku moja nati hung'oka na kipande cha plastiki kikiwa bado kimeigandia. Ndivyo zilivyokuwa zile nati mbili za kushoto. "Hii haikuanguka," fundi alisema. "Ingeanguka, kona ingekuwa imebonyea kwa nje. Hii imevutwa kutoka ndani." Kisha akainama chini ya meza akatoa gamba la laptopu nyingine ya modeli ileile. Lilikuwa limepasuka palepale.

Nilimwomba ayaandike hayo kwenye karatasi, atie saini na tarehe. Akaniambia hakuna mteja aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Mafundi wetu wanajua kuliko mtu yeyote nchini ni modeli gani inayokufa, inakufia wapi na baada ya muda gani. Ujuzi huo wote unaishia chini ya meza kwa sababu mteja anataka mashine irudi kufanya kazi, basi. Karatasi ile na picha zake tuliziambatisha na barua kwa duka. Meneja hakukiri kosa lolote, lakini alikubali kugharimia gamba jipya na kazi ya kulifunga. Mpwa wangu alikuwa bado hajaelewa. "Mjomba," aliniuliza, "si waliniambia waranti imeisha?"

Kasoro ya namna hiyo inaweza kujificha mahali pasipofikika kwa bisibisi. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu za kampuni mbalimbali. Tatizo lilikuwa katika vifaa vilivyotumika kuiunganisha chipu na kibao chake. Ukiwasha mashine, chipu hupata joto na kutanuka. Ukiizima, hupoa na kunywea. Viungo vyake vya lehemu vilichoshwa na mchezo huo wa kila siku hadi vikapasuka. Laptopu nyingi kati ya hizo zilipita mwaka wa kwanza bila tatizo. HP na Dell ziliongeza muda wa waranti kwa modeli zilizoathirika, na Apple ikakubali kuzitengeneza bure MacBook Pro zenye chipu hizo hata kama waranti imekwisha, muda ukasogezwa hatimaye hadi miaka minne tangu kununuliwa.

Lehemu ile ilikuwa dhaifu tangu siku ya mauzo. Mnunuzi alitoka dukani na kasoro ndani ya mfuko wake. Kalenda ya waranti ilihesabu siku ambayo kasoro ilijitokeza, wala haikujali siku ambayo iliingia. Muuzaji anaposema "ilikufa baada ya mwaka, kwa hiyo si juu yetu", anatoa jibu la swali ambalo sheria haijauliza. Swali la sheria ni kama kitu kilikuwa kizuri kilipouzwa.

Mfano wa karibu zaidi ni ile kibodi nyembamba ambayo Apple iliiweka katika MacBook kuanzia 2015. Punje ya vumbi iliweza kukwamisha kitufe. Mwaka 2018 kampuni ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure kwa miaka minne tangu mashine iliponunuliwa mara ya kwanza, na 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani, bila kukiri kosa. Haikusukumwa na huruma. Kulikuwa na wateja waliolalamika kwa maandishi na mawakili walioyakusanya malalamiko yao mahali pamoja.

Sasa sheria yetu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, ilichukuliwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, enzi ambayo mnunuzi alikuwa akinunua nafaka, kitambaa na farasi. Hata hivyo kifungu chake cha 16 kinaifaa laptopu vizuri sana. Ukinunua kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kuna sharti lisilohitaji kuandikwa popote kwamba bidhaa itakuwa na ubora unaostahili kuuzwa. Ukimweleza muuzaji kazi unayokusudia kuifanya nayo na ukategemea ujuzi wake, bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Kama uliikagua mwenyewe, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuifichua. Lakini nani awezaye kuikagua lehemu iliyo chini ya chipu, au unene wa vijiguzo vya plastiki, akiwa amesimama kaunta huku muuzaji akimwonyesha rangi?

Sheria hiyo kongwe ilikuwa na mlango wa nyuma. Iliwaruhusu muuzaji na mnunuzi wakubaliane kuyafuta masharti hayo, na wauzaji wakautumia mlango huo kwa raha. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 iliufunga. Inamhesabu kila anayemuuzia mtumiaji bidhaa kuwa ameithibitisha kwamba ina ubora wa kuridhisha, na inatamka kuwa sharti lolote linalojaribu kuifuta au kuipunguza haki hiyo ni batili, liwe ndani ya mkataba au nje yake. Yale maneno yanayochapwa chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu yoyote dhidi ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Na nyuma ya hayo yote imesimama Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro.

Muda je? Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inampa mtu miaka sita kudai juu ya mkataba uliovunjwa. Nisieleweke vibaya: haimaanishi kwamba kila laptopu lazima iishi miaka sita. Maana yake ni kwamba mlango wa mahakama haufungwi siku waranti inapoisha. Aliyenunua laptopu miezi ishirini iliyopita bado yumo ndani ya muda, na kilichobaki ni kujadili kama mashine ya bei ile, iliyotumiwa ilivyotumiwa, ilipaswa kufa ilipokufa.

Kuna kesi ya Kiingereza ambayo kila mteja angefaidika kuijua, ya Lambert dhidi ya Lewis, iliyofika kwenye Baraza la Malodi mwaka 1981. Ilihusu kiungo cha kukokotea trela nyuma ya Land Rover ya mkulima. Kiungo kiliharibika, trela ikachomoka barabarani, watu wakafa. Mmoja wa majaji, Lord Diplock, alieleza kwamba ahadi ya sheria kuhusu kufaa kwa bidhaa haiishi pale inapokabidhiwa. Inaendelea kwa muda wa kuridhisha baada ya hapo. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini huzishawishi, hasa pale sheria yenyewe ilipotoka kwao. Na kesi hiyohiyo ina onyo. Mkulima alipoteza dai lake dhidi ya muuzaji kwa sababu alijua kiungo kimeharibika na bado akaendelea kukitumia. Mwenye laptopu na alichukue hilo kwa uzito. Bawaba ikianza kukwaruza, acha kuilazimisha. Piga picha, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Ukiendelea kuifungua na kuifunga miezi minne mpaka kioo nacho kipasuke, umemkabidhi muuzaji utetezi wake.

Waingereza wenyewe hawakubaki na maneno ya 1893. Mwaka 1994 waliirekebisha sheria yao, wakataja wazi kwamba kudumu ni sehemu ya ubora. Sheria yao ya Haki za Watumiaji ya 2015 inaendeleza hilo, na mnunuzi wa Uingereza ana miaka sita ya kwenda mahakamani, mitano huko Scotland. Laptopu za mtumba zinazojaa katika maduka yetu, zile tunazoziita eks-UK, zilianza maisha yao chini ya ulinzi huo. Sisi tuliichukua sheria ya babu, na wajukuu walipoiboresha hatukuangalia tena.

Kwingineko wameenda mbali zaidi, na hapa ndipo wivu wangu ulipo. Norway sheria humpa mnunuzi miaka miwili ya kulalamika, na mitano ikiwa kitu kimekusudiwa kudumu kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Wauzaji wa simu walibisha kwamba simu ya mkononi ni kitu cha miaka miwili. Ubishi ulifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2007 ikaamua kwamba simu ni ya kundi la miaka mitano. Ubishi wa kila siku wa kaunta ukapata nambari. Umoja wa Ulaya una kiwango cha chini cha miaka miwili, na ndani ya mwaka wa kwanza kasoro ikijitokeza huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vingine. Ufaransa na Uhispania zimelisogeza hilo hadi miaka miwili.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Australia. Mwezi Julai 2013 mahakama ya shirikisho ya nchi hiyo ililitoza tawi la HP la huko faini ya dola milioni 3 za Australia. Haikutozwa kwa sababu kompyuta zake zilikuwa mbovu. Ilitozwa kwa sababu ya kauli. Wateja walikuwa wakiambiwa mambo ambayo sheria ya Australia haikuyakubali: kwamba haki zao zinakoma waranti inapokoma, kwamba sharti mashine itengenezwe mara kadhaa kabla ya kufikiria kubadilishiwa. Kumpotosha mnunuzi kuhusu haki yake kulikuwa kosa lenyewe.

Na Kenya tuna kifungu cha aina hiyohiyo. Sheria ya Ushindani ya 2010 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kwa mnunuzi, yakiwemo yanayohusu kuwepo au kutokuwepo kwa waranti, haki au fidia. Inakataza pia kudanganya kuhusu upatikanaji wa huduma za ukarabati na spea. Kwa hiyo yule kijana wa kaunta akisema waranti imeisha na kuishia hapo, amesema kweli. Akiongeza kwamba kwa hiyo mteja hana haki yoyote, ameingia mahali ambapo Mamlaka ya Ushindani ina nguvu za kisheria za kumuuliza mwajiri wake maswali. Ningependa kuiona ikiuliza. Kesi moja tu dhidi ya muuzaji mkubwa wa vifaa vya elektroniki, ikitangazwa magazetini, ingebadilisha lugha ya kaunta zote za Moi Avenue kabla ya mwezi kuisha.

Wauzaji wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Wanasema faida kwenye laptopu ni ndogo, ushindani ni mkali, na wao hawakuiunda mashine. Ni kweli. Duka dogo limekaa katikati ya mteja mwenye hasira na msambazaji asiyepokea simu. Lakini duka nalo ni mnunuzi. Lilipouziwa shehena na msambazaji lilipata haki kama hizi, isipokuwa liwe limesaini kuziacha, na mteja anayedai haki yake kwa maandishi analipatia duka silaha ya kumgeukia aliye juu yake. Gharama ya kasoro inapaswa kupanda ngazi hadi ifike kwa aliyechagua plastiki nyembamba. Leo inashuka na kutua kwa mwanafunzi.

Wanasema pia kwamba bei itapanda. Huenda, kidogo. Lakini mashine inayouzwa shilingi elfu sitini na kufa baada ya miezi kumi na minne si ya elfu sitini. Mwenyewe ataongeza gharama ya fundi, ya data aliyopoteza, ya kazi za mtandaoni alizoshindwa kuzimaliza, kisha ya laptopu ya pili. Bei hiyo tayari inalipwa. Imefichwa tu mahali ambapo muuzaji haioni.

Hoja ya tatu ni ya stima. Umeme unapotea na kurudi kwa kishindo, madabodi inaungua, na duka linalaumiwa. Hili nalikubali kwa sehemu. Msukosuko wa umeme kweli huua vifaa. Ila mara nyingi huacha alama: chaja huwa ya kwanza kuathirika, na saketi ya kupokea umeme huonyesha kilipoungua. Fundi mzuri anaweza kutofautisha, vilevile anavyoweza kuona kutu ya maji. Bawaba haing'olewi na stima. Ndiyo maana mzigo wa kuthibitisha ni jambo kubwa kuliko yote katika mjadala huu. Hivi sasa anabebeshwa mnunuzi, asiye na maabara, asiye na mchoro wa madabodi, asiye na takwimu za mashine ngapi za modeli yake zimerudishwa. Mtengenezaji anavyo vyote hivyo. Anayeshikilia ushahidi ndiye anayefaa kuulizwa.

Ninachodai basi ni hiki. Bunge liongeze katika Sura ya 31 kwamba kudumu kwa muda unaolingana na bei na aina ya bidhaa ni sehemu ya ubora. Kasoro ikijitokeza ndani ya miaka miwili ya kununua kifaa kipya cha elektroniki, ichukuliwe kuwa ilikuwepo mpaka muuzaji aonyeshe vingine. Na kabla ya Bunge kuamka, Mamlaka ya Ushindani itoe mwongozo unaotaja miaka: laptopu mpya ya bei ya kati itegemewe kudumu mingapi, ya mtumba mingapi. Mimi ningesema mitatu kwa mpya. Anayeona ni mingi ajitokeze hadharani aseme laptopu yake imeundwa ife baada ya muda gani. Tayari tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata inapogeuka taka. Itakuwa ajabu tumwajibishe kwa maiti ya laptopu na kumsamehe kwa namna ilivyokufa.

Ndugu zetu wa Tanzania wako katika hali isiyo mbali na yetu. Sheria yao ya mauzo ya bidhaa ina asili hiyohiyo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 imetenga sehemu za masharti yasiyoandikwa katika mikataba ya walaji na za wajibu wa watengenezaji, chini ya Tume ya Ushindani. Mlaji wa Kariakoo naye anaambiwa waranti imeisha, naye anaondoka.

Wakati tunasubiri, mwenye laptopu iliyokufa ana kazi ya kufanya. Risiti nyingi siku hizi huchapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia, hasa ikikaa kwenye pochi au karibu na jua. Inaweza kuwa nyeupe kabisa kabla hata ya waranti kuisha. Ipige picha siku ya kununua, ijitumie kwa barua pepe. Angalia pia tarehe ya kuanza kwa waranti kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mara nyingi mfumo huhesabu tangu mashine ilipotoka kwa kampuni kwenda kwa msambazaji, na miezi iliyokaa bohari inaliwa kutoka kwenye waranti yako. Ukipeleka risiti, tarehe inaweza kurekebishwa. Nimewaona watu wakikubali kwamba waranti imeisha wakati ilikuwa bado ina miezi mitatu.

Kisha mwandikie muuzaji, si mtengenezaji, kwa sababu mkataba wako ni na aliyepokea pesa zako. Usitaje waranti, maana huko ndiko anakotaka mzungumzie. Taja tarehe ya kununua, bei, kilichoharibika na kilipoanza. Ambatisha maelezo ya fundi yaliyosainiwa na picha. Taja kifungu cha 16 cha Sura ya 31 na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Sema unachotaka: itengenezwe bila malipo, au ubadilishiwe, au urudishiwe sehemu ya bei inayozingatia muda ulioitumia. Hili la mwisho ndilo lenye busara zaidi kwa mashine ya mwaka wa pili, na mahakimu hulielewa haraka. Mpe muuzaji siku kumi na nne na utume nakala kwa Mamlaka ya Ushindani.

Siku hizo zikipita bila jibu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani Aprili 2021 na tangu hapo kufunguliwa katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, unaweza kujisimamia bila wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku sitini. Beba risiti, barua, karatasi ya fundi na laptopu yenyewe, ikiwa imefunguliwa upande ule uliong'oka ili hakimu aone nati na plastiki yake. Fundi akikubali, nenda naye, pamoja na lile gamba jingine lililopasuka palepale.